Kubishana Nako Ni Kuchangia

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake umewekwa wazi, mtu yeyote aweze kuusoma, kuubadilisha na kuugawa kwa masharti ya leseni yake. Simu ya Android uliyoishika ina ndani yake Linux, kiini cha mfumo wa uendeshaji, na seva nyingi zinazokuletea barua pepe na habari za asubuhi zinaendeshwa na programu za namna hiyo hiyo. Sehemu kubwa ya kazi hii ilianzishwa na watu ambao hawakulipwa na mtu. Mpaka leo wapo wengi wanaoifanya usiku, baada ya kazi zinazowapa riziki, wakibishana hadharani kuhusu kipi kiingie na kipi kikataliwe. Kuhusu mabishano hayo na kujitolea huko nimesikia madai mengi, kutoka kwa wanafunzi wa vyuo, wakuu wa idara za TEHAMA na hata wasanidi waliozeekea kwenye fani. Mengi yana chembe ya ukweli, ndiyo sababu yanaenea. Yakigeuzwa sheria yanawafukuza watu tunaowahitaji, kwa hiyo nayajibu.

La kwanza husemwa na mameneja: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwamba watu mia wakijadili kila mstari wa msimbo kazi haisogei. Afadhali mmoja aamue, wengine watekeleze.

Anayesema hivyo atazame kilichotokea Januari 1992. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa miaka 22 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, na Linux yake ilikuwa na miezi michache tu tangu aitoe kwa watu. Andrew Tanenbaum alikuwa profesa wa Vrije Universiteit mjini Amsterdam, mwandishi wa vitabu vya mifumo ya uendeshaji vilivyosomwa katika vyuo vingi duniani, na mwenye mfumo mdogo wa kufundishia ulioitwa Minix, ambao Torvalds mwenyewe alijifunzia. Tarehe 29 Januari profesa aliandika hadharani kwamba Linux imepitwa na wakati. Hoja zake kuu zilikuwa mbili. Kwanza, kiini cha Linux ni bonge moja: diski, mtandao na kumbukumbu vyote vinasimamiwa ndani ya programu moja, ilhali utafiti ulikwishaelekea kwenye viini vidogo vinavyoziachia kazi nyingi programu zilizotenganishwa, ili moja ikianguka isiangushe nyingine. Pili, Linux ilikuwa imefungwa kwenye prosesa za Intel 386, na mfumo unaotegemea prosesa ya aina moja hauna maisha marefu.

Torvalds alijibu kwa hasira, kisha akaomba radhi kwa lugha aliyotumia. Wengine wakaingia, wa upande huu na wa ule. Ukiyasoma majibizano yale leo, chini ya ukali wake unakuta kazi halisi: kila mmoja analazimika kueleza kwa nini. Torvalds alishikilia bonge lake kwa sababu lilikuwa linafanya kazi, lina kasi, na linapatikana kwa watu wenye kompyuta za kawaida. Kuhusu prosesa, kufikia mwaka 1995 Linux ilikuwa inaendeshwa pia kwenye mashine za Alpha, na leo simu nyingi zenye kiini hicho hazina prosesa ya Intel kabisa. Sisemi profesa ndiye aliyesababisha hilo. Nasema udhaifu alioutaja ulikuwa udhaifu kweli, na uliondolewa. Wala wazo lake la kiini kidogo halikufa. Mwaka 2017 ilijulikana kwamba Minix imo ndani ya chipu za Intel zenyewe, ikiendesha sehemu yake ya usimamizi wa kompyuta.

Kuna kilichofuata ambacho hakisimuliwi sana. Mwaka 2004 taasisi moja ya Marekani, Alexis de Tocqueville Institution, ilidai kwamba haiwezekani kijana mmoja awe ameandika Linux. Lazima aliichota kutoka Minix. Aliyejitokeza kukanusha alikuwa Tanenbaum. Alieleza kwa kirefu kwamba Linux haikunakiliwa kutoka kwenye mfumo wake, na kwamba mtu mmoja mwenye uwezo anaweza kuandika kiini kama kile. Msimamo wake kuhusu muundo wa viini ulikuwa haujabadilika hata kidogo. Lakini aliijua kazi ya mpinzani wake kuliko wengi, kwa sababu walibishana juu ya kazi yenyewe, si juu ya uvumi wake. Mimi sijaona ushahidi bora zaidi wa faida ya mabishano.

Na chombo hakikwenda mrama. Methali ile inawahusu wanaoshika usukani. Haiwazuii wengine kupaza sauti kwamba mbele kuna mwamba. Katika Linux mwenye kauli ya mwisho alikuwa mmoja siku zote. Kusema kulikuwa kwa wote.

Kutoka hapo linazaliwa dai la pili, linalopendwa na vijana wanaotaka kuonekana wamekomaa: ukali ndio unaolinda ubora. Mshushue mtu leo, kesho hataleta msimbo mbovu. Mfano wao ni huyo huyo Torvalds, ambaye kwa miaka mingi alisifika kwa matusi aliyowaporomoshea wachangiaji.

Torvalds mwenyewe ameliacha dai hilo. Tarehe 16 Septemba 2018 aliomba radhi hadharani kwa mashambulizi yake dhidi ya watu, akasema anapumzika kidogo ili apate msaada wa kuelewa hisia za wenzake. Msanidi mwenzake Greg Kroah-Hartman akasimamia toleo la 4.19 la Linux, na mradi ukapitisha kanuni mpya za maadili. Oktoba Torvalds alirudi. Tangu wakati huo matoleo yameendelea kutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, na viraka vibovu, yaani mabadiliko mabovu ya msimbo, vinakataliwa kama zamani. Kilichokuwa kinalinda ubora ni kule kukataa kwa sababu. Matusi yalikuwa yameambatana nako tu, na yalipopungua hakuna ukuta ulioanguka.

Tazama wanavyofanya katika miradi ya programu huria ya taasisi ya Apache. Huko mchangiaji mwenye kura anaweza kulizuia badiliko la msimbo kwa kuandika -1. Alama hiyo moja inasimamisha kazi ambayo pengine mwenzake ameifanya kwa majuma mawili. Lakini sharti iandamane na sababu ya kiufundi inayoweza kuchunguzwa; -1 isiyo na sababu haihesabiwi. Huo ndio ukali ninaoukubali, na ni mgumu kuliko kutukana, kwa kuwa unamtaka mkosoaji naye afanye kazi. Aliyetukanwa akaondoka haagi mtu. Hakuna anayekiona kiraka ambacho hakikuletwa, kwa hiyo hasara hii haionekani katika hesabu yoyote, na wenye ulimi mkali wanaendelea kuamini kuwa mbinu yao inafaa.

Wapo wanaokwenda upande wa pili kabisa. Wanadai mjadala usifungwe mpaka kila mtu aridhike, kwa kuwa hiyo ndiyo maana ya uhuria. Hawa nawajibu kwa kisa cha Python, lugha ya kuandikia programu. Mwaka 2018 jamii ya lugha hiyo ilikuwa na pendekezo namba 572, lililoleta alama mpya, nukta mbili zikifuatwa na alama ya usawa, ya kulipatia jina thamani katikati ya usemi. Ni jambo dogo. Mtu anaweza kuandika Python mwaka mzima asiihitaji. Lakini lilijadiliwa kwa miezi, hoja zile zile zikirudiwa na watu wapya kila siku, na wengine wakapandisha sauti. Guido van Rossum, aliyeianzisha lugha na aliyekuwa na neno la mwisho, alilikubali pendekezo. Tarehe 12 Julai 2018 akatangaza kwamba anaachia nafasi yake. Alieleza kuwa hataki tena kupigania pendekezo kiasi kile na mwishowe kukuta watu wengi wanauchukia uamuzi wake.

Mjadala usio na mwisho ulimchosha mtu aliyekuwa ameutumikia mradi tangu kuzaliwa kwake. Jamii ilijifunza. Ilijitungia baraza la uongozi la watu watano wanaochaguliwa na wachangiaji wakuu, na la kwanza likaanza kazi mwaka 2019. Wakaendelea pia na desturi yao ya zamani ambayo ningependa iigwe kila mahali: waraka wa pendekezo unaandika ndani yake mawazo yaliyokataliwa, pamoja na sababu za kukataliwa. Aliyeshindwa anaikuta hoja yake pale, imeelezwa kwa haki na kujibiwa. Mgeni anayekuja miaka mitatu baadaye na wazo lile lile anaelekezwa kwenye ukurasa, hakuna haja ya vita upya.

IETF, wanaotunga kanuni za intaneti, wana kipimo kizuri zaidi. Waraka wao wa mwaka 2014, RFC 7282, unaeleza kwamba mwafaka haumaanishi wote wameridhika. Maana yake ni kwamba kila pingamizi limesikilizwa, limepimwa na limejibiwa. Waraka unafika mpaka kusema kwamba watu watano wanaounga mkono na mia wanaopinga bado wanaweza kuwa wamefikia mwafaka, ikiwa wale mia wanarudia pingamizi moja lililokwishajibiwa. Na kinyume chake, mtu mmoja mwenye hoja ambayo hakuna aliyeijibu anastahili kuwasimamisha wote.

Nije kwenye dai ambalo wapenzi wa programu huria wenyewe hulitamka kwa fahari: penye wengi hapaharibiki neno. Msimbo uko wazi, macho ni mengi, kosa halina pa kujificha. Nalipenda dai hili. Ningetamani liwe kweli lenyewe kwa lenyewe, bila kuhitaji jitihada ya mtu.

Kuna maktaba inayoitwa OpenSSL, inayosimba mawasiliano kati yako na tovuti ili mtu wa katikati asiyasome. Ndani yake iliongezwa sehemu ndogo ya kuhakikisha mawasiliano hayajakatika. Kompyuta yako inaiuliza seva: bado upo? Kama upo, nirudishie neno hili, lina herufi tano. Seva inalirudisha. Tatizo ni kwamba msimbo haukuhakiki kama neno lina herufi tano kweli. Mtu angeweza kutuma herufi moja na kudai ametuma elfu sitini na kitu, na seva ingemrudishia ile herufi moja pamoja na chochote kilichokuwa jirani yake kwenye kumbukumbu: nywila za watu, vipande vya barua, hata ufunguo wa siri wa seva yenyewe. Badiliko hilo lilikaguliwa kabla ya kuingia siku ya mwisho ya mwaka 2011. Aliyekagua hakuona. Likatoka kwa umma Machi 2012, na likatangazwa kuwa hatari Aprili 2014, kwa jina la Heartbleed. Kwa makadirio ya kampuni ya Netcraft, seva zilizokuwa wazi kwa hatari hiyo zilikuwa takriban nusu milioni.

Miaka miwili, na msimbo ulikuwa mezani kwa kila mtu. Wengi walikuwepo, ila wote walikuwa wanapita. Benki zilipita, magazeti yalipita, kampuni kubwa za teknolojia zilipita, kila mmoja akiamini kwamba kuna mwingine aliyesoma. Mradi uliokuwa unalinda siri za sehemu kubwa ya intaneti ulikuwa unapata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Kusoma msimbo wa mwenzako ni kazi ya kuchosha, haina sifa, na hakuna anayekupongeza kwa kosa ambalo halikutokea. Uwazi unakupa nafasi ya kukagua. Haukagui badala yako. Kwa hiyo mtu anayeketi Jumamosi na kiraka cha mwenzake, akauliza "je, namba hii ikiwa kubwa kuliko neno lenyewe itakuwaje?", amechangia sawa na aliyekiandika. Katika kisa hiki angekuwa amechangia zaidi.

Baada ya Heartbleed kampuni kubwa zilijitokeza na fedha kupitia Linux Foundation, na wasanidi wa OpenBSD wakachukua nakala ya msimbo ule wakaanza kuusafisha, wakauita LibreSSL. Ilichelewa, lakini ilifanyika.

Dai linaloniudhi kuliko yote ni la watumiaji: mtunzaji wa programu anawajibika kwetu, akichelewa tumsukume. Mtunzaji ni yule anayepokea viraka, kujibu ripoti na kutoa matoleo. Mara nyingi ni mtu mmoja. Karibu leseni zote za programu huria zinasema waziwazi kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Hata hivyo, Januari 2022, majuma machache baada ya kasoro kubwa ya Log4j, maktaba ya kurekodi matukio ya programu, kutangazwa, Daniel Stenberg wa Sweden, anayetunza curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, tangu miaka ya 1990, alipokea barua pepe ya kampuni kubwa ikimtaka ajibu orodha ya maswali kuhusu Log4j ndani ya saa 24. Hakuwa na uhusiano wowote na Log4j. Kampuni hiyo haikuwa mteja wake wala haikuwahi kumlipa. Aliijibu kwamba atafurahi kujibu yote mkataba wa huduma ukishasainiwa, na mimi naona jibu hilo ni la haki kabisa.

Kule kusukuma kumewahi kutumiwa kama silaha. Programu ya xz, ya kubana mafaili, imo katika karibu kila kompyuta ya Linux, na ilikuwa inatunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea. Mwaka 2021 mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuleta viraka, vizuri tu. Mwaka 2022 zikajitokeza akaunti nyingine, zinazodhaniwa kuwa za bandia, zikimlaumu mtunzaji kwa kuchelewa, zikimwambia mradi unakufa mikononi mwake na akabidhi wenzake. Alijibu kwa upole kwamba amelemewa, na kwamba kazi hii haina malipo. Hawakumwacha. Baada ya muda Jia Tan akapewa madaraka ya kutoa matoleo, na mwanzoni mwa 2024 yakatoka matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakiwa na mlango wa siri uliofichwa ndani ya mafaili ya majaribio. Mwenye ufunguo wa mlango ule angeingia kwenye seva za watu kama mwenyeji.

Aliyepanga njama hiyo alitujua vizuri. Alijua kuwa kumsakama mtunzaji ni jambo la kawaida mno kwetu, hivi kwamba wasakamaji wawili watatu wa bandia hawatashtukiwa na mtu. Kila tunapomwandikia mtu anayejitolea "mbona hamtoi toleo jipya, mnafanya nini?", tunawapanulia maficho watu wa aina hiyo. Lau mtu mmoja wa kweli angejitokeza wakati ule na kusema, "pole, nipe kazi moja ndogo nikupunguzie", pengine nafasi aliyoijaza Jia Tan ingekuwa imeshajaa.

Walioguswa na hoja hii hukimbilia dai la sita: basi, asiyeleta msimbo anyamaze, maneno matupu hayavunji mfupa. Aliyeugundua mlango wa xz hakuwa mmoja wa wachangiaji wa xz. Andres Freund ni mhandisi wa Microsoft anayejulikana zaidi kwa kazi yake kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Alikuwa akifanya vipimo vyake vingine akaona kwamba kuingia kwenye mashine kupitia SSH kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Wengi wetu tungepuuza. Yeye alifuatilia nusu sekunde hiyo mpaka kwenye xz, na tarehe 29 Machi 2024 akaandika taarifa iliyoeleza alichokiona, alivyokiona na mahali pa kutazama. Mchango wake ulikuwa maneno. Hayakuwa matupu, kwa kuwa mtu mwingine aliweza kuyafuata hatua kwa hatua na kufika pale pale.

Tulete jambo karibu. Tuseme zahanati moja mkoani Shinyanga inatumia programu huria ya kuandikisha wagonjwa, na mhudumu wa mapokezi anagundua kwamba fomu inakataa jina lenye ritifaa. Anaweza kuandika: "Programu yenu mbovu, haisajili watu." Au anaweza kuandika: "Toleo la 2.1. Kwenye jina la ukoo nikiandika Ng'wandu na kubonyeza Hifadhi, inasema herufi haikubaliki. Nikiandika Ngwandu inapita. Wagonjwa wetu wengi wana majina ya namna hii, na tukiyaandika bila ritifaa mtu mmoja anaishia kuwa na mafaili mawili." Ripoti ya kwanza inamwacha msanidi palepale. Ya pili ina kila anachohitaji: toleo, hatua, tokeo, na sababu ya kwa nini jambo hili si la urembo tu.

Msanidi anaweza kubisha. Atasema ritifaa ilizuiwa makusudi, kwa kuwa wadukuzi huitumia kuvunja hifadhidata. Hapo mwingine ataingia na kueleza kwamba hatari haimo kwenye alama. Imo katika kuunganisha maandishi ya mtumiaji moja kwa moja na amri za hifadhidata, na dawa yake inajulikana: amri itumwe peke yake, na thamani peke yake. Kwa mabishano hayo mafupi programu imepata usalama wa kweli mahali palipokuwa na kinga ya kujidanganya, na watu wa Shinyanga wamerudishiwa majina yao. Mhudumu yule hajaandika mstari hata mmoja wa msimbo. Ila bila yeye msanidi aliyeko Helsinki au Bangalore angejuaje?

Nakiri kwamba si kila ripoti ni mchango. Tangu mwaka 2024 Stenberg amekuwa akilalamika hadharani kuhusu ripoti za usalama zilizotungwa na akili mnemba: ndefu, zenye lugha nzuri, zinazoeleza kasoro ambazo hazipo. Kila moja inakula saa za mtu anayejitolea. Kwa hiyo kabla ya kutuma jiulize kama ulichokiandika umekijaribu mwenyewe, kwenye mashine yako, na kama mwingine anaweza kukijaribu kwenye yake.

Dai kwamba asiyeridhika achukue nakala ya msimbo aende zake halihitaji maneno mengi. Leseni inaruhusu, na ni haki muhimu. Lakini waliowahi kuitumia vizuri hawakuitumia kukwepa mjadala. Mwaka 1997 kundi la wasanidi wa GCC, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, waliochoshwa na mwendo wa mradi walianzisha EGCS; Aprili 1999 EGCS ikafanywa kuwa GCC rasmi. Mwishoni mwa 2014 io.js ilijitenga na Node.js, jukwaa la kuendesha JavaScript, na Septemba 2015 wakaungana tena katika Node 4.0. Kujitenga kwenyewe kuligeuka kuwa hoja iliyoletwa mezani, ikiwa na msimbo unaofanya kazi. Anayemwambia mwenzake "ondoka" siku ya kwanza ya kutofautiana hana hoja ya namna hiyo.

Limebaki dai linalosemwa na watu ninaowaheshimu, na ambalo lina ukweli mwingi: kujitolea ni anasa ya nchi tajiri. Kijana wa Mwanza au Kisumu anayenunua bando kwa siku, anayetafuta kazi, mwenye wadogo zake wa kusomesha, atajitoleaje? Simlaumu asiyeweza. Napinga pia tabia ya waajiri wanaotaka kuona kazi za bure za miaka miwili kabla ya kumwita mtu kwenye usaili. Saa za bure hawanazo watu wote kwa usawa.

Lakini dai linakosea mambo mawili. Kwanza, linadhani hatujaanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi kwenye ramani, ilizaliwa Kenya Januari 2008, katika siku za machafuko yaliyofuata uchaguzi, na miaka miwili baadaye ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, kisha Rwanda, na leo mifumo ya KenyaEMR na UgandaEMR imejengwa juu yake. Kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam walipita mtaa kwa mtaa na Ramani Huria wakichora kata zinazofurika, na ramani ile iko wazi kwa yeyote.

Pili, linamwelekezea mzigo mtu asiyestahili. Wachangiaji wengi wa Linux siku hizi wanalipwa mshahara na kampuni zinazoitegemea. Google imekuwa ikiwalipa posho wanaoanza kupitia Summer of Code tangu 2005, na mpango wa Outreachy nao hulipa. Wizara zetu za afya, Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, zinakusanya takwimu za kitaifa kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na kwa miaka mingi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi na wenzao wa Oslo katika kuiendeleza. Hiyo ndiyo njia. Benki, hospitali, kampuni ya simu au halmashauri inayoendesha shughuli zake kwa programu ambayo haikuinunua inaweza kumpa msanidi wake saa nne za Ijumaa, kwenye mshahara ule ule na intaneti ile ile ya ofisi, asome viraka vya wenzake, aripoti hitilafu anazokutana nazo, na abishe panapostahili kubishwa.